Tukienda Amboni, Tulale Wapi?

Ubishi ulianzia Tandika, Dar es Salaam, barazani kwa mama mdogo. Tunakwenda Tanga kuona Mapango ya Amboni, sawa, lakini tulale wapi? Yeye alitaka Pangani, akaoge bahari. Mdogo wangu alitaka gesti ya Kange, Tanga, kwa kuwa ndipo stendi ilipo. Mimi nilitaka Ngamiani, humo humo Tanga mjini, na sababu yangu kubwa ilikuwa tumbo.

Tulipanda basi Mbezi alfajiri tukiwa bado tunabishana. Chalinze tukapita, Segera tukawaacha wa Moshi na Arusha waendelee na njia yao, na Muheza machungwa yakaanza kuingia madirishani. Hapo ndipo nikamwekea mama mdogo hesabu. Mapango yako Kiomoni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, ukishika barabara ya Horohoro. Pangani iko kusini, karibu kilomita 50. Ukilala huko, kila kwenda na kurudi lazima uikate Tanga yote.

“Kwa hiyo bahari sioni?”

“Utaiona, mama mdogo. Tuanze na mapango.”

Kange inamfaa anayewahi basi la asubuhi, basi. Raskazone tulipita na bajaji kuangalia: upepo wa bahari, bustani, utulivu. Mwenye fungate asifikiri mara mbili. Ila jioni ukitaka kula chakula cha bei ya mtaani, unapanda bajaji tena.

Tukaishia Ngamiani, ambako barabara zina namba, hata mgeni hapotei. Kabla ya kulipa niliomba kuona chumba, nikafungua bomba, nikawasha feni, nikakagua chandarua kama kina matundu. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha uani, maana pikipiki hazilali.

Bomba lile nililikumbuka tulipotoka mapangoni. Amboni kuna mapango kumi, ila wageni huingizwa moja tu, na mwongoza wageni hutangulia na tochi. Ni mawe ya chokaa yanayokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 150. Kuna sehemu unainama, kuna sehemu unatambaa kabisa, na popo wako juu ya kichwa. Tulisimuliwa habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akisakwa na wakoloni, na za njia inayodaiwa kutokea Kilimanjaro. (Watafiti walipopima mwaka 1994, pango refu kuliko yote lilikuwa mita 900.) Tulipofika penye mzimu, palipoachwa chupa za marashi, mdogo wangu akatoa simu apige picha.

“Mwanangu, weka simu mfukoni,” mama mdogo akamwambia. “Mahali pa watu pa kuombea hapo.”

Akaiweka.

Tulitoka jasho linatiririka, magoti yana vumbi, nguo zinanuka popo. Safari ya kurudi Ngamiani ilikuwa fupi, na hilo peke yake lilimaliza ubishi. Tukaoga, tukabadilisha nguo, tukatoka kwa miguu kwenda kula mishkaki na mihogo. Mama mdogo alikula kuliko sisi wote, kisha akauliza magari ya Pangani huondokea wapi.

Asubuhi tukarudisha funguo, tukabeba mabegi, tukaenda kumlipa deni lake la bahari.