Chokoleti na joto la Februari

Jumamosi, usiku.

Nani alinituma kutengeneza vibonge vya chokoleti mwezi wa pili, Dar es Salaam hii? Mafuta ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na saa nane mchana jikoni kwetu Tabata hata mimi nilikuwa nayeyuka.

Korosho za Mtwara, tende na zabibu kavu nilivipata Kariakoo. Chokoleti nyeusi gramu 200, krimu nusu yake. Korosho nikazikaanga bila mafuta mpaka zikanukia, nikazitwanga kidogo tu zisiwe unga. Tende nikazikatakata (robo yake iliishia mdomoni, nakiri).

Kisha nikaharibu. Bakuli la chokoleti nililiweka juu ya sufuria ya maji yanayotokota, mvuke ukaingia, na mara rojo laini likakauka, likashikana na mwiko kama ukoko wa ugali. Matone machache tu! Nilishainua bakuli nikamwage, roho ikaniuma kwa bei niliyonunulia. Nikamimina krimu ya moto kidogo kidogo huku nakoroga. Ikarudi, tena ikang'aa. Maji kidogo huikausha chokoleti, ukiyazidisha inalainika. Ukorofi wa aina yake.

Nikachanganya tende, zabibu na korosho, nikaweka kwenye friji. Haikupita saa nzima, umeme ukakatika.

Mama, aliyekuja juzi kutoka Tanga, alikuwa ananitazama kimya navyohangaika. Kila nikifinyanga, chokoleti inanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mikono yako ina moto, mwanangu. Lete maji ya barafu."

Barafu ilikuwa bado haijayeyuka yote. Akatumbukiza mikono, akaifuta vizuri kwa upindo wa kanga, akadokoa donge kwa ncha za vidole, akalizungusha mara mbili tu kiganjani, akalitupia kwenye unga wa kokoa. Mikono ileile ya ladu, vile vibonge vitamu vya sikukuu. Vyake viliviringana kama gololi. Vyangu vilikuwa kama kokoto za barabarani. Tukapata 31.

Akaonja kimoja, akatafuna taratibu, macho dirishani.

"Ladu hizi. Mmezipaka masizi tu."

Umeme umerudi saa tatu. Vimebaki kumi na kimoja, na mama anauliza hiliki tunaweka wapi.