Kumbukumbu ya mradi wangu: sanduku la betri za akiba, Kitangiri, Mwanza

Machi, mwanzoni

Mradi huu umeanzia kwenye mashine ya presha ya mama. Usiku ule mvua ilitoka ziwani kama saa nane, radi mbili tu umeme ukakatika. Mama akaamka na kizunguzungu. Nikamfunga mkanda wa mashine mkononi, nikabonyeza. Kioo kikawaka kwa uhafifu, kikaonyesha alama ya betri, kikazimika. Kwenye droo tulikuwa na betri tisa, zimechanganyika na misumari, funguo na risiti. Nilizijaribu zote kwa mwanga wa simu iliyobakiwa na chaji asilimia sita. Hazikupatikana nne za kuisukuma ile mashine.

Mvua ilipungua alfajiri, nikatafuta bodaboda, tukaenda kituo cha afya. Presha ilikuwa juu, akapewa dawa, na sasa anaendelea vizuri. Ila zile saa nne za kumshika mkono gizani bila kujua hali yake, sitaki zijirudie.

Machi, wiki ya pili

Nimefanya hesabu ya kila kinachotumia betri humu ndani. Mashine ya presha inakula AA nne. Tochi mbili, kila moja AA mbili. Redio ya mama, zile kubwa za D mbili. Rimoti ya king'amuzi, AAA mbili. Saa ya ukutani, AA moja. Kipimo cha sukari, kile kibetri bapa kama shilingi.

Nilipofungua mashine ya presha nikakuta unga mweupe umeota kwenye springi mbili. Betri zilizoisha ziliachwa humo humo zikavuja. Unga huo ni wa alkali, yaani kinyume cha uchachu, kwa hiyo unahitaji kitu kichachu kuuondoa. Nilivaa glovu, nikakamua ndimu kwenye kisoda, nikachovya kijiti kilichozungushiwa pamba, nikagusa springi. Ikatoa povu dogo, fsss, kama soda iliyofunguliwa. Nikarudia mpaka povu likaisha, nikafuta kwa spiriti, nikaacha ikauke usiku kucha. Asubuhi nikapitisha msasa laini mpaka chuma king'ae. Nikaweka betri mpya, pampu ikavuma. Mama alicheka kwa furaha, nami pia.

Machi, mwishoni

Nimeshuka Makoroboi kununua. Mtaa huo jina lake limetokana na koroboi, vile vibatari vya makopo vilivyokuwa vikitengenezwa pale, na nimependa kwamba hata mimi nimekwenda kutafuta mwanga hapo hapo.

Nimejifunza kusoma maandishi madogo ubavuni mwa betri. AA ya alkali huandikwa LR6. Ile ya bei ya chini, ya zinki na kaboni, huandikwa R6 bila L. Kwa AAA ni LR03 na R03, kwa zile kubwa za redio ni LR20 na R20. Ya kuchaji huandikwa HR6. Herufi hiyo moja ina uzito kuliko maneno yote makubwa ya kwenye pakiti. Na uzito wenyewe unasaidia pia: AA ya alkali ina gramu 23 hivi, ya kaboni haifiki 20. Pakiti moja niliyouziwa kama ya alkali ilikuwa nyepesi mkononi. Nikamwomba mama wa duka la viungo jirani anipimie kwenye mizani yake ya dijitali. Gramu 16. Nikairudisha, na muuzaji akanibadilishia bila ugomvi.

Sizichukii R6. Kwa saa ya ukutani, inayokunywa umeme tone kwa tone, zinafaa kabisa. Ila ganda lake ni zinki yenyewe, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa betri inapofanya kazi. Ikiisha ganda limekonda, ndipo inapotoboka. Nimeamua isikae hata moja ndani ya mashine ya presha.

Aprili

Kazi kubwa ya mwezi huu ni kupima. Nilinunua mita ya fundi, nikafikiri nimemaliza. Betri moja ya zamani ikaonyesha volti 1.41, nikaiweka upande wa nzima. Ndani ya tochi haikudumu dakika mbili.

Kumbe betri ikipimwa imekaa bure inaweza kudanganya. Lazima ipewe mzigo. Nimetoa balbu ya tochi ya zamani, ile yenye uzi ndani, nikaiungia nyaya mbili. Sasa nashika betri na balbu pamoja huku nikitazama mita. Ile ya 1.41 ilishuka mbele ya macho yangu: 1.2, 1.0, 0.8. Mpya ya alkali ilianza 1.60 na chini ya mzigo ikatulia karibu na 1.5. Kanuni yangu: chini ya 1.2 ikiwa na mzigo, haingii sandukuni. Inakwenda kwenye saa ikamalizie maisha yake huko.

Nimejaribu pia njia ya bibi. Kule Magu alikuwa anaanika betri za redio juu ya bati mchana ili usiku asikilize taarifa ya habari. Nilianika mbili zilizochoka. Kweli ziliamka: balbu ikawaka vizuri, kisha baada ya dakika kumi ikarudi uwekundu ule ule. Joto linaharakisha kemia iliyobaki, haliongezi chochote. Bibi alipata taarifa ya habari yake, lakini mashine ya presha siwezi kuiendesha hivyo, maana joto hilo hilo huharakisha kuvuja.

Mei

Sanduku lenyewe ni la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nimelipanga kwa vipande vya boksi ili vichwa vya betri visigusane. Kila betri ina mwezi na mwaka wa kununuliwa kwa maka peni. Mpya zinaingia nyuma, za zamani zinatoka mbele. Friji sitaki, umande wake unaleta kutu. Kabati la chumbani kwenye kivuli linatosha.

Vibetri bapa nimevitenga. Kile cha kipimo cha sukari kinaitwa CR2032, maana yake upana milimita 20 na unene milimita 3.2. Dada yangu huja na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, na mtoto huyo kila kitu ni mdomoni. Kibetri hicho kikikwama kooni, umeme wake na mate vinazalisha alkali kali inayounguza nyama ndani ya saa mbili tu. Vimefungwa kwenye pakiti zake, ndani ya kopo la kuzungusha, juu kabisa ya kabati. Vilivyokwisha navizungushia selotepu pande zote mbili, kwa sababu hata kilichoshindwa kuendesha kipimo bado kinaweza kuunguza. Jambo hili nimemweleza dada mara tatu na nitaendelea kulisema.

Juni

Nimeongeza AA nane za kuchaji kwa ajili ya tochi. Volti zake ni 1.2, lakini tochi hazikulalamika. Mashine ya presha nimeiachia alkali, kwa kuwa inaweza kukaa wiki mbili bila kuguswa na nataka iwe tayari muda wowote.

Julai

Nilikwenda mwaloni Kirumba kumwona mzee anayevua dagaa. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa zao zinaendeshwa na betri za volti 12. Ilikuwa siku za mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, lakini betri zake zilikuwa kwenye chaji.

"Shikamoo mzee. Mbona unachaji na hamwendi ziwani?"

"Marahaba mwanangu. Hii ukiilaza na njaa, haiamki."

Betri kama hizo zake ni za risasi, ile madini nzito, na ikikaa tupu sahani zake zinaganda chumvi ngumu na haipokei tena chaji. Yeye hupima: ikipumzika na kuonyesha 12.7 imeshiba, ikikaribia 12.0 anaona tayari amechelewa. Nimenunua ndogo ya aina hiyo kwa taa ya sebuleni, na kila Jumapili naichaji hata kama haijatumika.

Septemba

Umeme umekatika juzi saa mbili usiku. Mama hakuniita. Nilimkuta ameketi kitandani, tochi imesimama kwenye kikombe, mkanda umefungwa mkononi, anasoma namba kwa sauti na kuziandika kwenye daftari lake la kliniki: 128 kwa 82.

Zilizobaki sandukuni: AA za alkali kumi, AAA nne, za redio mbili, CR2032 mbili. Za redio zina tarehe ya Machi, zitaingia kazini kwanza. Jumamosi nashuka mjini kununua mbili nyingine.