Crosby abaki Pittsburgh

Jana usiku hapa Area C, Dodoma, nimebishana na mdogo wangu mpaka chai ikapoa. Hoki ya barafuni: Pittsburgh Penguins, timu ya Marekani, wamtoe nahodha wao Sidney Crosby kwa timu nyingine wapewe wachezaji vijana, au wabaki naye? Dogo anasema watoe, timu imezeeka. Mimi nimekataa kabisa. Mtu yupo pale tangu 2005, kaleta Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi yao, 2009, 2016 na 2017, unamtoaje?

Nahodha wetu wa timu ya mtaa tulimwachia aende Singida, tukapewa jezi na mipira miwili. Namkumbuka pale stendi, viatu mkononi, bado vina vumbi jekundu la uwanja wetu. Msimu uliofuata madogo walicheza bila wa kuwapanga. Inaniuma mpaka leo.