Mabinti waliorudi kudai urithi wao

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii tusome Hesabu 27, habari za Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi. Baba yao alifia jangwani hakuacha mtoto wa kiume, na nchi inaenda kugawanywa kwa majina ya wanaume, kwahiyo wao hawana chao. Wakaenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani Eleazari na wakuu na mkutano wote, wakasema tupeni na sisi urithi. Musa akalipeleka shauri kwa Bwana, na Bwana akasema hao mabinti wako sahihi, wapewe, ikawa sheria ya Israeli yote.

Wengi tunaishia hapo tunasema amina. Fungua sasa Yoshua 17. Musa ameshafariki, nchi inagawanywa, na mabinti walewale wanalazimika kwenda tena kwa Eleazari na Yoshua kuwakumbusha kwamba Bwana alishaagiza tupewe. Yaani neno limetoka kwa Mungu mwenyewe na bado ilibidi walifuatilie!! Ndipo wakapewa.

Mambo ni yaleyale mpaka leo. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 17, linasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake unasema mume na mke wana haki sawa kwenye mali. Imeandikwa. Lakini mume akizikwa tu ndugu wanakuja kuchukua shamba na nyumba, mama hana hati yenye jina lake, hana dhamana ya kukopa, ada inakosekana, binti mkubwa anaozwa mapema ili wadogo wale. Huo umaskini haukushuka tu kutoka juu jamani, kuna mtu kauleta, na Isaya 10 inawatamkia ole wanaoandika amri za kuwanyang'anya wajane.

Sasa sisi kanisani tunampelekea chakula na nguo, tunamwombea, na tusiache kufanya hivyo, ila shamba lake bado liko kwa shemeji ambaye pengine anakaa benchi la mbele! Hata vikundi vya akiba na mikopo navipenda sana, vimeinua kina mama wengi, lakini mama ataweka akiba gani kama alichovuna kinachukuliwa na mwingine?

Angalia yule mwanamke Mshunami, 2 Wafalme 8. Alikuwa mtu mwenye uwezo kabisa, akaondoka miaka saba kwa sababu ya njaa, aliporudi ikabidi amlilie mfalme kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Mfalme hakumpa sadaka. Alimweka afisa kusimamia arudishiwe vyote, pamoja na mapato yote ya shamba tangu siku alipoondoka.

Wiki hii kwenye ushirika wenu muulizeni mjane mmoja, kwa faragha, kama nyumba anayokaa ina jina lake. Kama kuna shida, wawili watatu wamsindikize kwa msaada wa sheria au mahakamani, na wakiambiwa njooni kesho, kesho warudi naye tena.