Mfalme Aliyeuliza Kila Mara

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii Zedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, ameninyima usingizi. Nilikuwa nasoma Yeremia kwa mfululizo, nikafika sura ya 37, nikakwama. Wababeli wanaubana mji wa Yerusalemu, nabii yuko kifungoni, na mfalme anamtoa kwa siri amuulize: "Je! Liko neno lililotoka kwa Bwana?" Yeremia anajibu, "Liko."

Basi liko! Mungu hakunyamaza. Tumezoea kudhani kipofu wa rohoni ni yule asiyekanyaga kanisani. Zedekia hakuwa hivyo. Alituma watu kumwomba nabii awaombee. Wakuu walipotaka kumtumbukiza Yeremia kwenye shimo la matope, hakuwazuia. Halafu yeye huyohuyo akamruhusu Ebedmeleki Mkushi aende na watu 30 wakamtoe. (Naupenda moyo wa Ebedmeleki. Alikumbuka hata kumshushia matambara ayaweke kwapani, kamba zisimchune.) Kisha mfalme akamwita nabii tena faraghani, kwenye mwingilio wa tatu wa nyumba ya Bwana. Akaambiwa waziwazi: jisalimishe kwa Wababeli, utaishi wewe na nyumba yako, na mji hautateketezwa. Akajibu kwamba anawaogopa Wayahudi waliokwisha kuwaendea Wakaldayo (ndio haohao Wababeli), wasije wakamdhihaki. Akaweka mji na wanawe upande mmoja, dhihaka ya watu upande wa pili, na dhihaka ikawa nzito zaidi. Mwisho akamwonya nabii asimwambie mtu yeyote walichozungumza.

Mtu huyu alijiona anamtafuta Mungu kwa sababu hakuacha kuuliza. Kila akiuliza, roho ilitulia kidogo, akarudi kukaa palepale.

Niseme wazi, wapendwa, maana hili tunalo katikati yetu. Mtu anashikilia shamba la mjane wa kaka yake. Hati iko kabatini kwake, watoto wa marehemu wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, naye kwenye kikundi cha maombi anasimama kuomba tumwombee "Bwana amwonyeshe njia". Njia ipi, ndugu yangu? Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kilishasema tusimtese mjane wala yatima. Unaweza kufunga mpaka midomo ikauke, jibu halitabadilika. Na sisi viongozi tunamwekea mikono, tunamwambia aendelee kumngoja Bwana, huku tunajua fika kwamba anayengojwa ni yeye! Hanania, nabii wa uongo, naye aliwafariji watu hivyohivyo, akaahidi nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Baadaye, Wakaldayo walipoondoka kwa muda, neno la Bwana kwa Yeremia likawa, "Msijidanganye nafsi zenu."

Someni pia Yeremia sura ya 34. Mji ulipozingirwa watu wa Yerusalemu waliwaacha huru watumwa wao Waebrania, kwa agano kabisa. Wababeli walipoondoka kwa muda, wakawarudisha utumwani. Toba ya namna hiyo tunaijua: tukiwa wodini tunaahidi kila kitu, tukiruhusiwa tunasahau.

Zedekia alitawala miaka 11. Ukuta ulipobomolewa alikimbia usiku kwa njia ya bustani ya mfalme, akakamatwa nyanda za Yeriko, akapelekwa Ribla kwa mfalme wa Babeli. Huko wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yenyewe yakapofushwa. Ezekieli alikuwa ametangulia kusema kwamba ataletwa Babeli wala hataiona.

Wewe uliye na neno ulilokwisha kuambiwa, nakusihi kwa upendo wote, usituletee tena kama ombi. Mpigie simu yule mama leo. Mrudishie kilicho chake, na uende na wazee wa kanisa na majirani, mbele ya watu, maana Zedekia alitaka kila kitu kibaki siri.