Dubu-maji wa kihambani: sukari imeshinda udongo mwekundu

Njia ya sukari imekubali! Vigoga (mimea midogo laini inayotanda kama zulia) vya kingo za mfereji na mashina ya mibuni hapa kihambani, shamba la nyumbani la Moshi vijijini, sasa vinatoa dubu-maji (tardigrada, wanyama wadogo mno wa miguu minane) wasafi, si uji wa tope.

Kuwapata si kazi. Kazi ni udongo. Kigoga cha shambani hushika vumbi la kila palizi. Ukikiloweka na kukikamua, maji yanageuka chai ya maziwa na mnyama wa milimita 0.3 haonekani tena. Kusubiri tope litulie ni bure: udongo wa mfinyanzi huelea kwa saa nyingi, na mchanga ukizama, dubu wanazama nao.

Loweka kigoga kikavu usiku kucha, kichwa chini, maji ya mvua yasizidi kimo cha sentimita 1. Maji yakiwa mengi na ya vuguvugu, oksijeni hupungua, dubu huvimba na kukakamaa. Wengi huwatupa wakidhani wamekufa, kumbe wakihamishiwa maji mapya mapema huanza kuchezesha miguu. Kamua, pitisha kwenye kitambaa cha nailoni chenye matundu ya mikroni 40 (milimita 0.04), suuza hadi maji yatoke maangavu. Mfinyanzi umekwenda, mchanga umebaki.

Hapo ndipo sukari: gramu 450, ongeza maji hadi ujazo ufike lita 1. Mchanga unazama, dubu wanaelea. Zungusha sentrifuji ya mkono dakika 1, mimina ya juu kwenye kitambaa, suuza papo hapo. Ukichelewa, sukari inawanyonya maji mwilini, wananywea, na vipimo vyao havifai. Waliojikunja bado kwa ukavu uwasubiri waamke kwanza.

Vihadubini vya kubandika kwenye simu ni hasara tupu. Hadubini ya macho mawili ya kukuza mara 20 hadi 40, sahani nyeusi chini, taa ya pembeni: dubu anang'aa. Kumwokota, unywele wa kope uliogundishwa kwenye kijiti unaishinda pipeti.

Mpango wa kulinganisha mibuni iliyopuliziwa dawa ya ukungu ya kopa (shaba) na isiyopuliziwa umesimama kwa muda, kwa sababu ya mayai. Kitambaani yamebaki mayai yenye vichomozo kama uyoga, ya jamii ya dubu-maji iitwayo Macrobiotus, na kwa kundi hilo kutaja spishi bila yai ni kubahatisha. (Milnesium, jamii nyingine ya dubu-maji, hana usumbufu huu; hutaga ndani ya ngozi aliyojivua.) Kwa hiyo nusu ya mayai yanaingia kwenye slaidi kwa Hoyer (gundi angavu ya kuhifadhia vielelezo), nusu yanakaa majini yaanguliwe: kitoto kinachotoka ndicho kinachothibitisha yai ni la nani.