Nilivyoifufua lethi ya marehemu fundi pampu

Lethi hii, yaani mashine ya kukerezea chuma, niliikuta uani kwa mama mmoja mjane hapa Tanga, chini ya mwembe, imefunikwa turubai lililochanika. Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza pampu na cherehani. "Iangalie tu mwanangu," alinijibu baada ya shikamoo. "Wenzio walitaka kuinunua kwa kilo."

Chini ya kutu nilisoma herufi: Myford ML7. Moyo ulinipiga. Hizi ni lethi ndogo za mezani, zilianza kutengenezwa mwaka 1946 kule Beeston, Nottingham, Uingereza, na zinakereza kitu cha kipenyo cha hadi inchi 7. Kwa fundi anayechonga pini na bushi (vibomba ambamo pini au shafti huzunguka), hiyo inatosha kabisa. Shida ni kwamba shafti kuu ilikuwa haizunguki hata kwa mikono miwili. Kila aliyeiona alisema imeliwa na kutu.

Kuifungua kulinichukua wiki mbili za jioni. Bolti zake ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na spana za milimita zinateleza na kuzila pembe. Niliazima spana kwa mzee anayetengeneza Land Rover za zamani. Kila kilichotoka nilikipiga picha kwa simu kabla hakijatoka, nikakiweka kwenye kopo lake.

Kutu ilikuwa kazi rahisi kuliko nilivyoogopa. Vipande vidogo nilivitumbukiza kwenye pipa la plastiki lenye maji na magadi, nikaunganisha chaja ya betri ya gari: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye bati la chuma chakavu. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kinatoa sumu ndani ya maji. Fanya kazi hiyo nje, maana inatoa gesi inayoshika moto. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi, unalitoa kwa brashi. Ukimaliza suuza, kausha na paka oili papo hapo, kwani upepo wa bahari wa hapa kwetu haukupi nafasi ya kunywa chai.

Sasa beringi. Shafti ya ML7 inakaa kwenye beringi za metali laini nyeupe, zilizogawanywa nusu mbili, na juu kuna kifuniko kinachobanwa na bolti mbili. Kati ya kifuniko na kichwa cha mashine, kila upande, kuna shimu, yaani kipande chembamba cha kujazia nafasi, ya shaba ya tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja. Beringi ikilika unabandua tabaka moja kila upande, kifuniko kinashuka kidogo, shafti inaacha kuchezacheza. Nilipolegeza bolti za kifuniko cha mbele, shafti ikazunguka kwa kidole kimoja! Haikuwa kutu. Upande wa nyuma wa kifuniko hicho shimu haikuwepo kabisa. Kuna mtu aliitoa akabana kwa nguvu, kifuniko kikalala upande na kuing'ang'ania shafti. Na matundu ya mafuta yalikuwa yameshindiliwa grisi, ilhali beringi hizi zinataka mafuta mepesi yanayodondoka taratibu. Niliumia sana kuona vile.

Nilirudi kwa mama kumuuliza kama kuna chochote kilichobaki. Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi lililojaa gia, na chini kabisa, kwenye kipande cha gazeti, shimu yenyewe. Nilishindwa kusema.

Nilizibua matundu, nikarudisha shimu, kisha nikaweka saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo sana) juu ya shafti na kuiinua kwa kijiti cha mbao. Ilicheza sehemu 3 za elfu za inchi. Nikabandua tabaka moja kila upande, ikabaki 1. Nikatia mafuta ya haidroliki namba 32, nikaizungusha nusu saa huku nikigusa kifuniko kwa kiganja. Kilikuwa vuguvugu tu. Mota nilikuwa nimeshaipeleka kusukwa upya.

Kazi ya kwanza ilitoka imechongoka: fimbo ya milimita 25 ilikuwa nene zaidi mwisho mmoja. Nilidhani reli za mashine zimelika. Kumbe meza haikuwa sawa, na bolti za miguu zilikuwa zinaupinda mwili wa mashine. Niliingiza vipande vya bati chini ya mguu mmoja wa upande wa mkia, nikakereza, nikapima, nikaongeza, siku nzima, mpaka maikromita, kifaa cha kupimia unene, ikasoma sawa pande zote mbili.

Mama nilimwita siku niliyochonga pini ya pampu yake ya kisima. Alikaa kwenye kigoda akisikiliza, akasema, "Huo ndio mlio wake."

Kwenye lile kopo gia ya meno 40 haikuwemo, na bila hiyo kuna nyuzi za skrubu siwezi kukata. Mwenye nayo anitafute, nitainunua.